Mkono Uliomwagilia Saumu

Dada yangu hajui kutuma ujumbe mfupi. Akibonyeza ile alama ya sauti kwenye simu, huanza na salamu za ukoo mzima, hupita kwa ng'ombe aliyezaa, huingia kwa jirani aliyegombana na mchungaji, na jambo lenyewe alilotaka kulisema hulisema mwishoni kabisa, wakati msikilizaji ameshachoka. Yeye yuko Lushoto, kule tulikozaliwa. Mimi niko Bagamoyo mwaka wa kumi na sita sasa. Nilimfuata mume wangu alipopata kazi ya kufundisha chuo cha uvuvi cha Mbegani, na tulipostaafu tukabaki, yeye kwa kuipenda bahari, mimi kwa kuchoka kuhama.

Mwaka juzi, mwezi wa nne, dada aliniletea kwa basi kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Ndani yake mlikuwa na punje kumi na mbili za kitunguu saumu, lakini saumu ya namna ambayo sikuwahi kuiona. Punje moja ilijaza nusu ya kiganja. Alizipata kwenye bustani ya masista wa misheni, ambao huiita saumu ya tembo. Wenye kujua husema si saumu hasa, ni ndugu wa ile mboga iitwayo liki, lakini harufu yake ni ya saumu na jikoni hufanya kazi ya saumu, kwa upole zaidi. Pamoja na kifurushi ulikuja ujumbe wa sauti wa dakika tisa.

Nilisikiliza mpaka kwenye ng'ombe, nikazima. Nilijua kupanda saumu. Mtu aliyekulia milimani, akafundisha sayansi watoto wa shule ya msingi maisha yake yote, anafundishwa nini tena kuhusu kitunguu?

Wiki hiyohiyo nikaandaa tuta nyuma ya nyumba. Udongo wetu huku ni mchanga. Ukimwaga ndoo ya maji, ukigeuka hayapo. Nikachanganya samadi ya mbuzi na majani yaliyooza, bado nikaona haitoshi. Aliyenisaidia ni jirani yangu wa ng'ambo ya kichochoro.

Lazima nieleze vizuri huyu jirani ni nani, maana yeye ndiye habari yenyewe. Ni mjane, amenizidi miaka kama minane, mzaliwa wa huku, na kwa pilau hana mpinzani mtaani kwetu. Kila nilipomwona nilimwamkia, "Shikamoo, dada," naye alijibu, "Marahaba, mwalimu," kwa kuivuta ile marahaba mpaka nikajisikia mtoto. Nyumbani kwake kulikuwa na chumba cha uani chenye vyombo vya mtaa: sufuria tatu kubwa, masinia, sahani, mabakuli na vijiko, tulivyonunua akina mama wote kwa kuchanga. Arusi, maziko, hitma, kipaimara, vyote vilitoka kwake na kurudi kwake. Alivihesabu mwenyewe, kijiko kwa kijiko, na miaka yote hiyo hakikupotea hata kimoja. Ufunguo wa chumba kile aliufunga kwenye pindo la khanga yake. Hakuwa na cheo kingine, wala sidhani kama alikitamani.

Alipoona nahangaika na mchanga wangu, alikwenda Mlingotini kwa mdogo wake, ambako wanawake hulima mwani, akarudi na gunia zima la mwani uliotupwa ufukweni. Tukausuuza chumvi pamoja, ndoo baada ya ndoo, tukauanika, tukauchimbia kwenye tuta. Nilipomwonyesha zile punje aligeuza moja mkononi akacheka.

"Hii ndiyo thomu?" akauliza. Yeye saumu huiita thomu. "Mwalimu, thomu moja ya namna hii yatosha pilau ya arusi nzima. Zikikomaa nitakuja kukuibia."

Nikacheka pia. Lilikuwa neno la mzaha baina ya watu wawili wenye mikono iliyonuka mwani, na ningeliacha likae hapohapo.

Saumu ikaota. Ikatoa majani mapana, bapa, ya kijani kilichofifia, na mimi nikawa kila asubuhi nasimama na kikombe changu cha chai nikiyatazama. Nilikuwa na majivuno nayo. Nilimwambia kila aliyepita kwamba saumu ya milimani imekubali pwani, ni kujua tu. Mwezi wa kumi nikapata zamu ya kutolewa mtoto wa jicho huko Dar es Salaam. Ilibidi nikae kwa binti yangu Tegeta wiki sita, maana jicho lilichelewa kupona na kila baada ya siku chache nilitakiwa kliniki. Mume wangu ni mtu wa vitabu na nyavu. Ukimwachia mmea unakufa. Nikamwomba jirani animwagilie. Alimwagilia asubuhi na jioni kwa siku zote hizo, akivuka kichochoro na ndoo yake kichwani, kwa sababu bomba letu lilikuwa halitoi maji vizuri.

Siku niliyorudi nilikuta bakuli juu ya meza yetu, limefunikwa kwa kawa. Wali wa nazi na samaki wa kupaka. Bakuli lenyewe nalijua, la udongo mweupe lenye mstari wa bluu ukingoni, chombo chake mwenyewe, si cha mtaa. Lilikuwa limevuka kichochoro kile mara nyingi kuliko mimi. Kwa wasioijua pwani niseme tu kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Utakiosha, kisha utatia chochote, hata ndimu tatu, hata mayai mawili, ndipo ukirudishe. Hilo halifundishwi na mtu. Ukikaa huku unalikuta.

Kwenye mwezi wa kumi na mbili majani yalikuwa yamekauka na kulala. Nikachukua jembe la mkono, nikaanza kung'oa. Shina la kwanza likatoka na donge moja, la mviringo, jeupe, laini. Hapakuwa na punje. Nikang'oa la pili, donge. La tatu, donge. Yote kumi na mbili yalitoka hivyo, madonge ya mviringo kama vitunguu maji vyeupe vya sokoni, na mimi nimepiga magoti kwenye tuta na jicho langu jipya nikitazama.

Ningekuwa mtu mwenye subira ningekata donge moja. Kitunguu maji kina maganda juu ya maganda. Lile donge, kama nilivyokuja kujua, lilikuwa nyama tupu mpaka katikati. Ningetazama hata majani makavu yaliyolala hapo mbele yangu, nikaona kwamba ni bapa, wakati majani ya kitunguu maji ni mirija. Hayo nilikuwa nayajua. Niliwahi kuwachorea watoto ubaoni. Lakini kichwani mwangu tayari palikuwa na jibu, nalo lilikuja na sauti ya jirani yangu ikisema, "Nitakuja kukuibia."

Niseme na lingine, maana nikilificha hili hayo mengine hayana faida. Sisi tuliotoka bara tuna kaugonjwa ketu. Tunakaa pwani, tunakula wali wa nazi, tunapepewa na upepo, na bado moyoni tunaamini kwamba mtu wa pwani ni mwepesi wa maneno na mzito wa kazi, na kwamba ukimgeuzia kisogo atakuchezea. Nisingelisema kwa mdomo. Lakini siku ile lilikuwepo tayari, limekaa linasubiri nafasi yake.

Nikamwita. Alikuja akijifuta mikono, akidhani namwita kwa furaha ya mavuno.

"Dada, hivi nini?" nikamwuliza, nikimwonyesha madonge.

Akainama, akachukua moja, akanusa. "Si thomu hii? Mbona yanuka thomu."

"Chochote kikilala kwenye tuta la saumu kitanuka saumu. Mimi nilipanda punje, na saumu huzaa punje. Hivi ni vitunguu maji."

Akanitazama. Nadhani ilimchukua muda kuelewa ninakokwenda, maana yeye hakuwa na njia hiyo kichwani.

"Mwalimu, wanambia mie nimeing'oa thomu yako nikakupandia vitunguu?"

"Mimi nimesema nilichokiona."

"Mie nimemwagilia tu. Nilichokikuta ndicho ulichokikuta."

"Basi apa," nikasema. Hata leo nikilikumbuka neno lile natamani ardhi ipasuke. Nilimwambia mtu mzima, mtu niliyemwamkia shikamoo kila siku, kwamba aape, na mimi si wa dini yake wala si kadhi.

Akaliweka donge juu ya tuta, taratibu, pale alipolitoa. "Sikuapii," akasema. "Nikikuapia nitakuwa nimekubali kwamba pana la kuapiwa."

Akavuka kichochoro, akaingia kwake.

Mume wangu alitoka na miwani yake puani, akaokota donge, akalinusa, akasema, "Lakini hii ni saumu." Nikamwambia arudi kwenye kitabu chake. Alisema mara moja na hakusema tena. Ndoa yetu imedumu kwa njia hiyo. Madonge nikayatupa jaani.

Kama ningeishia hapo, pengine lingekuwa jambo la nyumba mbili. Lakini nina ulimi, na ulimi wangu unapenda kusikilizwa. Kesho yake nilikuwa gengeni nachagua nyanya, wanawake watano wamesimama, mmoja akaniuliza mavuno ya saumu yamekuwaje. Nikasema, "Nilipanda saumu, nimevuna vitunguu maji. Labda ni maji ya Bagamoyo yanayobadili mbegu, au ni mkono unaomwagilia." Wakacheka. Lilikuwa neno lililokaa vizuri, na nilirudi nyumbani na nyanya zangu nikiwa nimeridhika nalo. Baada ya siku mbili nililisikia kwa mtu ambaye hakuwepo gengeni. Baada ya wiki lilikuwa msemo: mtu akipungukiwa na sukari dukani, "mkono unaomwagilia", chenji ikipungua, "mkono unaomwagilia." Watu waliniambia kwa kunisifu.

Siku ya tatu baada ya ugomvi nililiosha lile bakuli la mstari wa bluu, nikalikausha vizuri, nikavuka, nikaliweka kizingitini kwake. Tupu. Sikusahau. Nilikuwa na mayai ndani, nilikuwa na mapapai mawili yaliyoiva, nikayaacha makusudi. Kati ya yote niliyofanya hilo ndilo nililolifanya kwa utulivu, na kwa hiyo ndilo linaloniaibisha kuliko mengine. Kusingizia nilisingizia kwa hasira. Bakuli nililiosha kwa sabuni.

Krismasi ikapita bila mimi kumpelekea kitu. Tukikutana njiani nilimwambia, "Habari." Yeye akajibu, "Nzuri." Nilimnyima shikamoo mwanamke aliyenizidi miaka minane, mimi niliyewapiga watoto fimbo kwa kutoamkia wakubwa.

Mwezi wa kwanza akina mama wa mtaa tulikuwa na kikao, kama kawaida ya mwanzo wa mwaka. Mama mmoja kijana, mwenye sauti ya upole, akasema anaona chumba cha vyombo ni kidogo, na yeye nyumbani kwake ana banda jipya lenye bati na mlango wa chuma, basi labda, kwa ajili ya nafasi tu, vyombo vihamie huko. Hakuna aliyetaja saumu. Hakuna aliyetaja mkono. Mwingine akanong'ona nyuma yangu, "Na hata kuapa hakuapa." Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Mimi ndiye niliyekuwa na neno. Ningesema, "Vyombo havina tatizo, yangu ni ya saumu tu na huenda nimekosea," kikao kingeendelea na ajenda nyingine. Nikainamia kitenge changu, nikaanza kutoa uzi uliokuwa umetokeza kwenye upindo.

Jirani yangu alifungua pindo la khanga. Fundo lilikuwa limekaza kwa miaka, akalihangaikia kwa kucha mbele yetu sote, na hakuna aliyemsaidia. Akautoa ufunguo, akauweka juu ya mkeka. Akasema vijiko ni mia na ishirini, wavihesabu.

Mwezi Mtukufu ukaingia. Miaka yote siku ya kwanza ya kufunga, kabla hatujala chakula chetu cha jioni, bakuli la mstari wa bluu lilikuwa limeshafika, lina tambi za sukari au viazi vitamu vya nazi. Mwaka ule halikuja. Mume wangu alikaa mezani akatazama mlango, kisha akanitazama mimi, kisha akachukua kijiko.

Sikukuu ilipokwisha dada yangu akapiga simu. Baada ya ukoo na ng'ombe akauliza, "Na saumu yangu je? Hujaniambia kitu."

"Saumu gani? Niliibiwa. Nimeachiwa madonge ya vitunguu maji."

"Madonge ya mviringo? Meupe? Hayana punje?"

"Ndiyo."

"Uliiweka friji kwanza?"

"Friji ya nini?"

"Si nilikuambia kwenye sauti!" akasema dada. "Wewe hukusikiliza."

Nilikata simu nikasema mtandao mbaya. Kisha nikakaa kitandani, nikarudi nyuma kwenye ujumbe wake, mwezi baada ya mwezi, mpaka nikaukuta. Dakika tisa. Nikapita ng'ombe, nikapita mchungaji. Kwenye dakika ya saba sauti ya dada yangu ikasema, kwa furaha yake ileile: "Sasa hizo punje usizipande hivyohivyo. Saumu hii inataka baridi ndipo ipasuke, na huko kwenu ni joto mwaka mzima. Zifunge kwenye karatasi, uziweke friji, kule chini kwenye mboga, wiki sita mpaka nane, ndipo uzipande. Usipofanya hivyo utapata donge moja la mviringo kama kitunguu maji, halafu utasema nimekupa mbegu mbovu. Nakujua hunisikilizi. Wewe tangu utoto ukishajua nusu ya jambo, unaona umelijua lote."

Nikamwita mume wangu, nikamwuliza kama yale madonge yote yalioza jaani. Akaenda stoo, kule anakotundika nyavu zake, akarudi na manne. Alikuwa ameyaokota siku ileile, akayatunza bila kusema. Nikachukua kisu, nikakata moja katikati. Hakukuwa na maganda ndani. Lilikuwa jeupe, gumu, zima, na harufu ya saumu ikajaa jikoni. Nililia kwa sauti, na si kwa sababu ya harufu.

Nilivuka kichochoro jioni hiyohiyo. Nilimkuta ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Nikaamkia, akaitikia. Nikamweleza yote, friji, baridi, ujumbe, donge nililolikata, nikamwomba radhi. Alinisikiliza bila kuacha kukuna. Nilipomaliza akaipindua ile nazi, akaendelea na upande wa pili.

"Nimekusikia, mwalimu," akasema. "Nimekusamehe, Mungu atusamehe sote. Lakini ulinisema gengeni, waniomba radhi jikoni?"

Nilijua jibu na nililijua papo hapo. Lakini kujua na kufanya havikai nyumba moja. Wiki tano zilipita. Kila siku nilijiambia kesho nitapita gengeni, niseme. Nilipita gengeni, nikanunua mchicha, nikarudi. Mara moja nilianza, nikasema, "Ile saumu, kumbe kulikuwa na kutoelewana kidogo," na mama mmoja akasema, "Usijali, mwalimu, sote twajua ulivyo na huruma." Nikachukua mchicha na sifa juu yake.

Kikao kilichofuata kilikuwa mwezi wa sita. Nilikwenda na simu yangu na moja ya yale madonge matatu yaliyobaki. Yale mawili nilikuwa nimeshayaweka friji. Nilipopewa nafasi nikasimama nimekumbatia simu kifuani kama mwanafunzi mgeni, mimi niliyesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote. Nilijua kwamba nikisimulia mwenyewe nitapunguza hapa, nitapamba pale. Ulimi wangu naujua. Basi nikawaambia, "Sikilizeni huyu, kisha mtajua nani mwizi wa nini," nikaongeza sauti ya simu mpaka mwisho, nikaiweka juu ya mkeka. Niliuacha ujumbe uanzie mwanzo.

Wakasikia ukoo wangu. Wakasikia ng'ombe. Kwenye mchungaji wakaanza kucheka. Kwenye friji wakanyamaza. Na dada yangu alipofika kwenye "Nakujua hunisikilizi," wakacheka tena, lakini safari hii walinicheka mimi, na lilipokuja lile la nusu ya jambo kuna aliyesema, "Ehee!" kwa sauti. Nikakata donge mbele yao, nikalipitisha mkono kwa mkono. Nikasema kwa maneno yangu kwamba nilimsingizia jirani yangu, kwamba neno la mkono unaomwagilia ni langu na ni uongo, na kwamba kwenye kikao cha mwanzo wa mwaka nilikuwa na neno nikalimeza.

Jirani yangu alikuwa ameketi karibu na mlango. Yeye hakucheka wala hakulipokea donge lilipomfikia, alimpasia aliyefuata.

Mwenyekiti akageuka kwake, akasema basi vyombo virudi kwako, mama, na mama yule kijana akawa wa kwanza kukubali, akatoa ufunguo kwenye pochi yake, akauweka juu ya mkeka. Jirani yangu akautazama ule ufunguo.

"Vikae hukohuko," akasema. "Mie mikono yangu imeshapumzika."

Wakamsihi. Akasema hapana, na alisema kwa upole hata wakaona wamemaliza kusihi. Mpaka leo vyombo viko kwenye lile banda lenye mlango wa chuma. Mwaka jana vilipungua vijiko tisa na hakuna aliyesema kitu.

Mwezi wa sita huohuo dada alikuwa ameniletea punje nyingine, na hizo nazo nikazifunga kwenye karatasi, nikaziweka friji. Nilichelewa kupanda, lakini zilikuwa zimepata baridi yake. Mume wangu akasema saumu ina maisha mazuri kuliko samaki wake. Nilisuuza mwani mwenyewe, peke yangu, na safari hii nilimwagilia mwenyewe kila siku. Nilipovuna mwishoni mwa mwaka, saumu ilikuwa imepasuka: vichwa vikubwa kama ngumi, punje tano, punje sita kila kimoja. Mwaka mmoja kabla ya hapo ningeita mtaa mzima uje kuona. Niliviweka kwenye ungo, nikavianika kivulini, sikumwita mtu.

Mwaka huu, siku ya kwanza ya Mwezi Mtukufu, tulikuwa tunajiandaa kula nikasikia hodi. Alikuwa yeye mwenyewe. Nikakimbilia mlango kama binti anayeposwa. Nikaamkia, "Shikamoo, dada." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu," ila ile marahaba hakuivuta. Akanipa tambi za sukari, za moto, zina iliki. Alikuwa amezitia kwenye chombo chepesi cha plastiki, vile wanavyotilia chipsi barabarani.

"Usihangaike kurudisha," akasema. "Hicho cha kutupa."

Tulizila tambi zile, mume wangu akazisifu, nami nikasema ndiyo, tamu. Kisha nikakiosha kile chombo. Nilikiosha vilevile nilivyowahi kuliosha bakuli, kwa sabuni, nikakikausha kwa kitambaa. Nilikaa nacho siku tatu. Siku ya nne nikakijaza punje za saumu, zile kubwa kabisa, mpaka mfuniko ukakataa kufunga, nikavuka kichochoro.

"Nilikwambia usirudishe," akasema mlangoni.

"Najua, dada."

Akazitazama punje kitambo. Akachukua moja, akaigeuza mkononi kama alivyofanya siku ile ya kwanza, akainusa. Nilisubiri aseme neno la pilau na arusi, na nadhani yeye pia alilikumbuka. Akaingia ndani na chombo. Nilimsikia akizimimina kwenye ungo, zikidondoka moja moja. Kisha akatoka, akasema, "Ahsante, mwalimu, thomu nzuri," akanikabidhi kile chombo cha plastiki mkononi. Kilikuwa kitupu.

Nikashukuru, nikavuka kurudi kwangu nimekishika kwa mikono miwili.